Waliokuja Kupima Shukrani

Nimewahi kulipwa ili nimwulize mama yangu mzazi maswali. Mgeni alisema kwa Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kikamba, mama akajibu, nami nikalirudisha jibu lake kwa Kiingereza bila kulitia chumvi. Wakati ule niliiona kazi ya heshima. Siku hizi nikiikumbuka hasira hunipanda, na kwa kuwa mimi si mtu wa kumeza hasira, afadhali niiandike.

Ninaishi Mumbuni. Nafundisha shule ya msingi, na wageni wanapokuja na miradi yao hunitafuta niwatafsirie. Wageni huja sana kwetu Machakos. Ukame wetu una sifa, na barabara zetu ni nzuri kiasi kwamba mtu anaweza kuja kuuona ukame asubuhi na jioni akawa Nairobi anaoga. Sisemi kwamba wote ni wabaya. Wapo waliokuja na mambo ya maana, na ukuta wa mtoni kwa mama yangu ulikuwa mojawapo.

Kwa mama ni mbele ya Masii, mahali ambapo mto ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha, maji hupita kwa fujo halafu yanakwenda zake. Serikali ya nchi moja ya mbali ilikubali kusaidia kujenga ukuta wa kuukatiza mto huo, ili mchanga ujae nyuma yake na maji yabaki ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Serikali hiyo ilileta simiti, vyuma na mhandisi. Vingine vyote vilitoka kwa mwethya.

Mtu wa mbali nimweleze mwethya. Ni majirani, wengi wao wanawake, wanaofanya kazi pamoja kwa zamu. Leo wako kwako wanachimba matuta, kesho wako kwa mjane wanaezeka nyumba, kesho kutwa wako kwangu. Kila mtu anakuja na jembe lake na uji wake. Ukikosa bila sababu hakuna anayekugombeza, ila siku ya soko Masii utasalimiwa kwa namna ambayo itakurudisha kazini wewe mwenyewe. Mwethya wa akina mama wa pale kijijini ulibeba mawe ya ukuta ule kutoka mlimani hadi mtoni kiangazi chote, kwa kichwa na kwa mgongo, wakiimba na kusengenyana. Magoti ya mama yangu yaliharibika msimu huo. Hakuwahi kulalamika, kwa sababu maji yalipatikana. Ukifukua mchanga nyuma ya ukuta, hata mwezi wa tisa, maji yanakuja yenyewe, baridi na safi.

Shida ilibaki moja. Maji yako chini, nyumba ziko juu. Kutoka mtoni hadi kwa mama ni mlima wa kumtoa jasho kijana, na mama mwenye magoti yale alikuwa anaupanda na mtungi mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Ndiyo maana siku ya kufungua ukuta, balozi wa nchi ile aliposimama chini ya hema na kutangaza kwamba itakuja awamu ya pili, pampu ya sola na paipu za kupandisha maji hadi kwenye tangi juu kilimani, mama alilia. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. 

Sasa, mwethya ukiahidiwa kitu hauketi kukingoja. Desturi yetu ni kwamba anayetaka kusaidiwa aonyeshe mikono yake kwanza. Ukisubiri mpaka paipu zishuke kwenye lori ndipo uanze kuchimba, utaonekana mvivu, na mvivu nani atamwongeza? Kwa hiyo wiki ile ile wakaanza mtaro wa kupitishia paipu, kutoka mtoni moja kwa moja hadi kilimani. Mtaro huo ulipita katikati ya shamba la mama. Ulikata matuta aliyochimba na marehemu baba walipokuwa vijana, matuta ambayo ndiyo yamezuia udongo wa shamba lile usiende mtoni miaka yote hiyo. Nilimwuliza kama amefikiria mvua ikija kabla ya paipu. Akaniambia, "Mwaitu, balozi amesema mbele ya watu." Huniita mwaitu, mama yangu, kwa sababu nimebeba jina la mama yake.  Mimi pia nilikuwa nimemsikia balozi.

Kabla ya awamu ya pili, tukaambiwa, ya kwanza lazima ipimwe. Akatumwa mwanamke kutoka kwao kuja kuona kama msaada ule ulifanya kazi. Alikuwa rika langu, mwenye kucheka upesi, na alijifunza kusema "ni muvea", asante ya Kikamba, kabla hata hatujafika Masii. Pamoja naye alikuja kijana wetu wa ofisi yao, Mkenya anayeishi Syokimau, mtu wa viatu safi na maneno machache. Nilimpenda yule mwanamke. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu mtu usiyempenda hawezi kukuuza ukashtuka.

Alifanya kazi vizuri, lazima niseme. Alichomeka chuma kwenye mchanga kupima maji yako kina gani. Aliwauliza akina mama walikuwa wakiteka wapi zamani na walikuwa wakirudi saa ngapi, nani alibaki na watoto, mboga zinauzwa wapi. Walimjibu wazi, hata mambo yasiyopendeza, kwamba upande mmoja wa ukuta unavuja kidogo na kwamba wenye malori ya mchanga wamewahi kuja kuiba wakafukuzwa kwa mawe. Alifurahi. Aliniambia hajaona kazi iliyofaulu namna ile katika miradi yote aliyozunguka.

Halafu akauliza kibao kiko wapi. Siku ya ufunguzi palisimikwa kibao kikubwa cha bati chenye bendera ya nchi yao na maneno ya kwamba huo ni msaada wa wananchi wao. Akina mama wakampeleka, wakijivunia. Kibao kilikuwa kimefunika shimo la koki, ile ya kufungulia maji chini ya ukuta, ili mbuzi wasitumbukie na watoto wasitupe mawe ndani. Upepo ulikuwa umekiangusha, nao hawakutaka mali nzuri ioze. Tena walikilaza kifudifudi, bendera ikiangalia chini, kwa sababu mbuzi wanapita juu na kwato zao zingeikwaruza rangi. Walimweleza hivyo, nami nikageuza neno kwa neno. Walikuwa wameitunza bendera ya watu kuliko wanavyotunza vyombo vyao. Yeye akacheka, akapiga picha, akasema ni ya kwake tu, ya kukumbuka.

Mama alikuwa amempikia. Alichinja jogoo na kupika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tukala chini ya paa la jikoni mvuke ukitupiga usoni. Baada ya kula mgeni alifunga daftari lake, akalitia mkobani pamoja na simu. Akasema, "Mwambie mama yako kazi imekwisha. Sasa tunaongea tu kama wanawake." Akaanza kusimulia habari za mama yake mwenyewe, anayeishi peke yake katika nyumba yenye ngazi nyingi, naye pia magoti yanamsumbua. Mama akamhurumia. Alimpa shauri la majani ya kuchua nayo, na wakaonyeshana magoti, wakacheka. Nilikaa katikati yao nikigeuza maneno, na nitasema ukweli, nilijisikia vizuri kuliko siku nyingi.

Katika kucheka kule mgeni akauliza, "Na huu ukuta, kwako wewe, ni wa nani?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa mtoto huyu aliyemnyonyesha ni wa nani. "Ni wetu," akasema. "Mawe ni yetu, mchanga ni wetu, migongo ni yetu. Hao wengine walileta simiti, na hata wao tuliwapikia."

"Unakumbuka ni nchi gani ilileta simiti?"

Mama akawaza, akataja nchi. Ilikuwa nchi nyingine kabisa, tena ile ambayo wao hushindana nayo kwa kila kitu. Mgeni akacheka mpaka akajifuta machozi, mimi nikacheka, mama naye akacheka kwa kuwa tulikuwa tunacheka. Aliyekuwa hacheki ni kijana wa Syokimau. Alikuwa ameangalia sahani yake.

Msimu wa mvua ulipokaribia tuliitwa kwenye hoteli moja mjini Machakos kusikia matokeo. Mama alialikwa kama mgeni wa heshima, gari likatumwa kumchukua. Alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya. Walimketisha mstari wa mbele na mimi nikaketi ubavuni pake, nimnong'oneze kwa Kikamba kila kinachosemwa. Ukumbini walikuwepo watu wa kaunti, watu wa ubalozi, na wenzao kutoka Nairobi. Mgeni wetu alipopanda jukwaani alimpungia mama mkono. Mama akampungia.

Alianza na maji. Alisema ukuta ule umefaulu kupita matarajio, akaonyesha mto kabla na mto baada. Watu wakapiga makofi. Nilimnong'oneza mama, naye akapiga makofi pia, taratibu, kwa adabu, kama vile anampigia mtu mwingine.

Kisha akasema msaada wa serikali una kazi mbili. Ya kwanza ni kumfaa anayepewa. Ya pili ni kuijengea nchi inayotoa jina na urafiki, maana ni pesa za wananchi wao na wana haki ya kujua zimewanunulia nini. Akasema kwa kazi hiyo ya pili ukuta huu haujaleta chochote. Picha ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango wa kanisa: kibao chetu kimelala kifudifudi, mgongo wake wa kijivu juu, na mavi ya mbuzi pembeni. Ukumbi ukacheka. Halafu akasoma maneno. Mawe ni yetu, mchanga ni wetu, migongo ni yetu, hao wengine walileta simiti, na hata wao tuliwapikia. Akaeleza na ile habari ya nchi aliyoitaja mama. Hapo walicheka zaidi, hata watu wa kaunti, wanaojua mwethya ni nini na mama zao wanachimba mitaro hadi leo.

"Wanacheka nini?" mama akaniuliza.

Nilimgeuzia yote, sikubakisha. Ile ndiyo kazi niliyopewa na mama hakuwa mtoto wa kufichwa. Wakati namnong'oneza nilimwona akivuta kitambaa chake mbele kidogo, kama mtu anayejaribu kuziba uso bila kuonekana anaziba. Jukwaani yule mwanamke alikuwa anamalizia. Kwa sababu hizo, akasema, na kwa kuwa jamii hii imeonyesha inaweza kujitegemea, imependekezwa pesa za awamu ya pili ziende kwenye mradi mwingine ulio kwenye njia panda ya barabara kuu, ambapo wasafiri wengi watauona. Watu wakapiga makofi tena. Hiyo nayo niliitafsiri. Mama hakupiga makofi. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini sana, "Na mtaro?"

Sina ubaya na mtu anayetaka kushukuriwa. Hata sisi kwenye harambee jina la mtu hutangazwa kwa kipaza sauti, na lisipotangazwa huweza kukasirika akaacha kuja. Ninaelewa pia kwamba huko kwao kuna mwananchi anayekatwa kodi na kuuliza inakwenda wapi. Kama balozi angesimama chini ya lile hema akasema, jamani, tunawapa simiti na tunataka mtusifu, tungemsifu mpaka achoke. Akina mama wa kwetu hutunga wimbo wa sifa kabla chai haijachemka. Lakini walikuja wakituuliza habari za maji, na huku wanapima kitu kingine ambacho hawakukitaja. Kile tulichofanya vizuri, kule kuufanya ukuta uwe wetu, ndicho walichokiandika kuwa kosa. Halafu wakakitumia tena mara ya pili, kutuambia kwamba hatuhitaji msaada.

Mlangoni yule mwanamke alimkumbatia mama. Mama akakubali kukumbatiwa, mikono yake ikining'inia. Nikamwambia, "Ulisema umefunga daftari."

Alishangaa kwa dhati, na hilo liliniumiza kuliko kama angeona haya. "Lakini ndiyo maneno ya kweli kuliko yote niliyosikia Kenya," akasema. "Na sikumtaja jina." Alikuwa bado amemshika mama bega. Nilitamani kumtoa mkono ule kwa nguvu, lakini nililelewa na huyo huyo aliyeshikwa bega, na kwetu mgeni hatolewi mkono.

Kijana wa Syokimau nilimkuta nje kando ya gari. Hakungoja nimwulize.

"Dada, usikasirike bure," akasema. "Hii pesa haikuwa ya maji. Ilikuwa ya urafiki. Maji ni njia tu. Huko kwao wabunge wanauliza, tumepata nini Kenya? Sasa ukiwapelekea picha ya kibao imelala chini, na mama anasema ukuta ni yake, hiyo utaielezea aje?"

"Siku ile tukila kwa mama, ulijua?"

"Nilijua akiuliza hilo swali."

"Na ukanyamaza."

"Dada, na mimi niko na kazi, niko na watoto shule," akasema, akafungua mlango wa gari wa nyuma ili mama aingie. Alimsaidia kuinua mguu kwa upole kabisa, kama mtoto wa kumzaa. Nilishindwa hata kumtukana.

Mvua ilikuja kabla ya wiki mbili kuisha, na ilikuja kwa nguvu. Mtaro wa mwethya uligeuka mto mdogo. Maji yalishuka kutoka kilimani yakakutana na yale matuta yaliyokatwa, na pale palipokatwa yakaingia na kula kulia na kushoto. Nilipofika Jumamosi nusu ya shamba la mama la chini ilikuwa imekwenda, mbegu za mahindi alizopanda pamoja na udongo mweusi wa juu, na kilichobaki ni ngazi za mawe mekundu. Akina mama wote walikuwa pale na majembe, wanauziba mtaro wao wenyewe. Hakuna aliyeimba. Nilivua viatu nikaingia mstarini karibu na mama. Alikuwa amepiga goti moja kwenye gunia, anajaza udongo kwa mikono kwa kuwa hawezi tena kuinama na jembe.

Tulijaza udongo mpaka jua likawa kichwani. Mwishowe akaniuliza, macho yake kwenye udongo, "Wewe ulijua wanataka tuseme ukuta ni wao?"

"Sikujua, mama."

"Lugha yao ni wewe uliyekuwa unaisikia."

Nikamwambia hawakusema kwa lugha yoyote. Akaendelea kujaza udongo. "Kama ni shukrani walitaka, si ungeniambia tu. Ningewapa. Shukrani haiumizi magoti." Wanawake wa pande zote mbili walisikia, na kila mmoja akajifanya anatafuta jiwe.

Ningeweza kujitetea. Nilikuwa na maneno mengi, ya Kikamba na ya Kiingereza, na yote yalikuwa ya kweli. Lakini nilijiona kama anavyoniona yeye: mtu aliyeketi katikati, anayekula na wageni, anayepanda gari lao, anayecheka wanapocheka. Kwake hapakuwa na tofauti kati ya mtu asiyejua na mtu asiyesema, kwa sababu paipu hazikuja na shamba limekwenda. Wageni wale walichukua maneno yake wakaenda nayo. Mimi waliniachia lawama hiyo.

Hajawahi kunikasirikia tangu siku hiyo. Nikimpigia simu anaitikia kwa furaha. Nikiuliza mvua, ananiambia imenyesha vizuri. Nikiuliza magoti, ananiambia yako sawa, Mungu ni mwema. Zamani tulikuwa tukibishana kwenye simu mpaka salio liishe, akinilalamikia kuku, jirani, mchungaji, mimi mwenyewe na nywele zangu. Siku hizi mazungumzo yetu ni mafupi na ya adabu.

Mwezi uliopita nilikutana na jirani yake mmoja mjini Machakos, akaniambia pole. Nikamwuliza pole ya nini. Ndipo nikajua mama alianguka na mtungi kwenye njia ya mtoni na alikuwa kitandani wiki nzima, wiki ile ile aliyoniambia kwenye simu kwamba ametoka kupalilia. Nilipanda gari siku hiyo hiyo. Nilimkuta ameketi mlangoni, mguu umefungwa kitambaa, mtungi pembeni yake. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alinyanyuka kwa shida, akaenda ndani akishika ukuta, akaniletea kiti, akakipangusa kwa upindo wa leso yake, akaniuliza kama safari ilikuwa njema.